Sherehe ya somo: wenzetu wa Mexico wanabebaje gharama peke yao?

DagaaMkavu (Kirumba, Mwanza)

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Kwa wasio Wakatoliki, habari za kutwa.

Mimi ni mama muuza dagaa na mweka hazina wa jumuiya huku upande wa mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni. Somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Petro, sherehe yake tarehe 29 Juni, na kwa kuwa Petro alikuwa mvuvi, huku kwetu hata asiyejua mlango wa kanisa siku hiyo anajiona ana haki ya sahani. Hilo silipingi. Tatizo ni hela. Kadi za michango tunazigawa tangu Pasaka, watu wanaandika ahadi za kishujaa, halafu wiki ya mwisho simu hazipokelewi. Mwaka jana mchele na mafuta tulichukua kwa mali kauli, na deni limekuja kuisha majuzi, baada ya mwenye duka kunivizia mlangoni alfajiri hata uso sijanawa.

Sasa Jumapili kwenye kikao mzee mmoja akasimama, akasema huko Mexico sherehe ya mtakatifu hubebwa na mtu mmoja. Mwaka mzima! Anaitunza sanamu nyumbani kwake, analipia misa, muziki, chakula cha mji, na fataki juu. Tena eti watu wanapanga foleni kuuomba huo mzigo. Kikao kizima kikageuka kumtazama tajiri mmoja mwenye mitumbwi yake, naye ghafla akawa na ujumbe wa kusoma kwenye simu.

Naomba kujua: ni kweli? Huyo mtu hafilisiki? Na anapata nini? Mwenye kujua anisaidie kabla ya kikao kijacho. Naomba kuwasilisha.

Kinyozi_Mabatini

Ngoja waje wenye kujua. Mimi nimekaa pale.

FrateriMstaafu (Buhongwa)

Milele amina, mama. Nilikaa Mérida, jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Mexico, nikiwa frateri. Upadre sikufika. Sasa hivi nauza saruji na nondo hapa Buhongwa, lakini sherehe zao nilizila za kutosha, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mzee wenu hakudanganya, ila amewapa mnofu akaficha mifupa. Huyo mtu anaitwa mayordomo. Mfano unaotajwa sana ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, kule kwenye mifereji na mitumbwi ya rangirangi. Wana sanamu ya mbao ya Mtoto Yesu, umri wake umepita miaka 400, wanaiita Niñopa. Haina kanisa lake. Inakaa nyumbani kwa mayordomo, na kila tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, inakabidhiwa kwa mwingine. Mwenye nyumba anaiandalia chumba, anaivalisha, anaipeleka kwa wagonjwa wanaoiomba, na mgeni akija kusali haondoki na njaa. Orodha ya wanaosubiri zamu imejaa miongo kadhaa mbele. Mtu anajiandikisha akiwa kijana, anaipokea akiwa na wajukuu.

Kwa Wamaya wa Zinacantán, jimbo la Chiapas, jambo hili lilikuwa na ngazi kabisa. Mtafiti wa Kimarekani, Frank Cancian, alikuwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta ngazi nne za utumishi. Unashika cheo mwaka mmoja bila mshahara, unahama kijijini kwako kwenda kukaa mjini penye kanisa, mwaka ukiisha unarudi shambani kulima mahindi na kulipa madeni, miaka inapita, ndipo unaomba ngazi inayofuata. Vyeo vikubwa viligharimu kuliko kipato cha mwaka mzima. Kabla yake wasomi wengine walisema mfumo huu unawapunguza matajiri ili wote walingane. Cancian akahesabu, akakuta sivyo: mwenye nacho alishika cheo cha gharama, akabaki tajiri, na sasa ana heshima ambayo jirani yake hawezi kuinunua. Mwambieni hilo tajiri wenu, huenda ataiweka simu mfukoni.

Unauliza hafilisiki? Wapo wanaobaki na madeni ya miaka. Lakini hakuna anayelipa peke yake, na hapo ndipo penye mifupa niliyosema.

Nenda Oaxaca, kwenye vijiji vya Wazapoteki kama Teotitlán del Valle. Mwaka huu wewe una sherehe. Mimi nakuletea bata mzinga, mahindi, chokoleti ya kinywaji, na mkate. Unafungua daftari na kuandika: nani, kitu gani, kiasi gani. Bata anapimwa kwenye mizani na uzito unaandikwa! Mwakani au baada ya miaka saba nikiwa na sherehe yangu, nakuja kukukumbusha, nawe unaleta bata wa uzito uleule. Wanaita guelaguetza. Siku hizi jina hilo limekuwa pia la tamasha kubwa la ngoma kila Julai katika mji wa Oaxaca, watalii wanakata tiketi, lakini yenyewe hasa ni daftari. Mtu anayejua kuwa zamu yake ya umayordomo inakuja huanza kukopesha bata miaka kabla. Siku ikifika, anazikusanya zote. Ukimwona amesimama mlangoni peke yake na fimbo yake, ujue nyuma yake kuna ukoo, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, majirani, na siku hizi kijana aliye Los Angeles anayetuma dola.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linahusu kikao chenu. Mtindo wa mtu mmoja kubeba sherehe nzima si wa tangu enzi. Wahispania walipoingia karne ya 16 walileta vyama vya waamini, kofradia, kila kimoja na mtakatifu wake. Wenyeji wakavidaka wakavifanya vyao. Kofradia ya kijiji ilikuwa na ng'ombe, shamba, na sanduku la fedha. Sherehe ikikaribia wanauza ndama kadhaa, mambo yanakwenda, hakuna anayevamiwa mlangoni alfajiri. Halafu mwishoni mwa karne ya 18 maofisa wa mfalme wakaanza kuvifunga vyama hivi, wakidai ni ufujaji. Mwaka 1856 ikaja sheria ya Lerdo, iliyokataza mashirika, ya Kanisa na ya vijiji, kumiliki ardhi. Mashamba ya watakatifu yakauzwa. Mtakatifu akabaki na tarehe yake bila ng'ombe. Nani alipe? Watu binafsi, kwa zamu. Mwaka 1985 wanahistoria John Chance na William Taylor walionyesha hivyo kwa kupekua nyaraka za zamani za majimbo kadhaa. Kwa hiyo mnachotaka kukiiga kilizaliwa baada ya watu kunyang'anywa mfuko wao. Nyie mfuko mnaweza kuwa nao.

Na mimi nilichokipenda kuliko vyote si mayordomo. Ni gremio, yaani chama cha watu wa kazi moja.

Mérida kuna Kristo wa Malengelenge, Cristo de las Ampollas. Sanamu ya kwanza ilikuwa katika kijiji cha Ichmul. Kanisa likaungua, sanamu ikatoka kwenye moto imevimba malengelenge kama ngozi ya mtu. Mwaka 1645 ikapelekwa kanisa kuu la Mérida, na mwaka 1915, wakati wa mapinduzi, watu walivamia kanisa wakaiharibu. Iliyopo sasa ni nakala. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, inaheshimiwa na vyama vya watu wa kazi moja. Siku hii ni ya waokaji mikate, siku ile waashi, nyingine madereva, nyingine watu wa reli. Kila chama kina siku yake, nayo haiguswi na mwingine.

Wanaanzia nyumbani kwa mwanachama mmoja. Mbele bendi ya matarumbeta, nyuma wanawake wamevaa magauni meupe yenye maua yaliyotariziwa shingoni na kwenye pindo, na katikati zile bendera. Mama, bendera zile! Kitambaa cha satini, nyekundu au zambarau, kimezungushiwa nyuzi za dhahabu, kimetariziwa jina la chama na mwaka kilipoanzishwa, kinaning'inia kwenye mti mrefu, na kwenye pembe zake zimefungwa riboni ambazo watoto wanazishika ili upepo usikipindue. Nilipewa kubeba moja ya waashi mara moja, kwa sababu ya urefu wangu. Jua la Mérida ni kali kuliko la Shinyanga, mti ule ni mzito, na fundi mmoja mzee alikuwa akitembea ubavuni mwangu akinisahihisha: inyooshe, inyooshe, marehemu baba yangu anaangalia. Mlangoni mwa kanisa mafataki yanarushwa, tunaingia, bendera inasimamishwa karibu na altare, mishumaa na maua yanakabidhiwa, misa inasomwa.

Chakula kinaanza usiku wa jana yake. Pilipili kavu zinachomwa hadi ziwe nyeusi tii, na zinachomwa nje, mbali, kwa sababu moshi wake unatoa machozi mtaa mzima. Zinasagwa na viungo, bata mzinga anapikwa humo, mchuzi unatoka mweusi kama oili chafu. Mara ya kwanza nilidhani wananitania. Nilirudia sahani.

Anayegharamia? Waashi wenyewe. Mchango wa kila wiki, mdogo, unaokusanywa pale pale kazini mwaka mzima. Na aibu inafanya kazi yake: hakuna mwashi anayetaka kusikia kwamba siku ya waokaji mikate ilikuwa na bendi kubwa kuliko yao.

Ushauri wangu ni huu. Mwacheni tajiri wa mitumbwi apumue. Mna siku tisa za novena kabla ya 29 Juni, yaani tarehe 20 hadi 28. Wapeni watu wa kazi zao. Mwaloni una kazi ngapi? Wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wapara samaki, makuli, mafundi mitumbwi, mafundi injini, wauza barafu, mama lishe, bodaboda. Tayari tisa, na nimezitaja bila kusimama kwenye kiti.

MlokoleWaNyakato

Mtumishi umeeleza vizuri, lakini umepita haraka penye shida. Sisi tusioabudu sanamu, tukikaa mji kama huo, inakuwaje? Mtu akisema sichangii?

FrateriMstaafu

Inategemea ni wapi. Mérida ni jiji, usipochangia hakuna atakayekuuliza. Vijijini ni habari nyingine, na sitakuficha.

Jirani na Zinacantán kuna mji unaitwa San Juan Chamula. Kanisa lake halina mabenchi. Sakafuni wametandaza majani ya msonobari, watu wanapiga magoti humo kati ya safu za mishumaa, watakatifu wamepangwa kandokando wakiwa na vioo vifuani, na ukipiga picha ndani utajuta. Pazuri ajabu. Mji huohuo, kuanzia miaka ya 1970, uliwafukuza maelfu ya watu wake waliohamia makanisa ya kiinjili wakakataa kugharamia sherehe na kununua pombe yake. Katiba ya Mexico inalinda uhuru wa dini, lakini siku nyumba yako inapochomwa katiba iko mbali. Wengi waliishia pembezoni mwa mji wa San Cristóbal de las Casas, wakajenga mitaa yao huko. Tena si dini peke yake iliyokuwa ikigombewa: wakubwa wa mji ndio waliouza pombe, mishumaa na soda za sherehe. Anayekataa sherehe anagusa duka la mtu.

Kwa hiyo, mama mweka hazina, mchango uwe wa hiari kweli. Jina la asiyechanga lisisomwe hadharani.

SalimIgogo

Assalamu alaykum. Nimefuata harufu ya pilau nikakuta elimu.

Kuongezea tu kwa Mlokole: baadhi ya familia hizo zilizofukuzwa Chamula leo ni Waislamu. Katika miaka ya 1990 walifika wahubiri kutoka Hispania, na sasa San Cristóbal kuna Wamaya wanaosali swala tano. Nilisoma habari zao nikashangaa, unamwona bibi amevaa sketi nzito ya sufu nyeusi ya kabila lake na hijabu juu.

Frateri, hii ya daftari mimi siioni ngeni. Hapa Igogo maulidi ya madrasa yetu yanakwenda hivyohivyo. Ng'ombe anatoka kwa huyu, mchele kwa yule, mwenye gari analeta maji, na mzee wetu ana daftari la jalada gumu analolificha kuliko hati ya nyumba. Tofauti ni kwamba sisi hatusemi ni deni. Lakini jaribu kutokuleta.

Halafu nimeona mtandaoni kwamba huko Yucatán wanacheza ngoma na kichwa cha nguruwe kimepambwa riboni. Ni kweli, au watu wa mtandao?

FrateriMstaafu

Ni kweli Salim, samahani. Kichwa cha nguruwe kilichookwa, kimepambwa kwa riboni na karatasi za rangi, mkate mdomoni, kinabebwa kwenye sinia juu ya kichwa huku wanacheza. Mwaloni tutaweka sangara. Mkubwa, mwenye kukufanya utubu.

MzeeWaKisesa

Wangaluka wanangu. Nimesoma yote polepole kwa kutumia miwani ya mjukuu.

Frateri, umetoka mbali kwenda kutafuta kilichoko kilomita chache kutoka dukani kwako. Hivi Bulabo hujawahi kufika? Bujora, hapa Kisesa, kila Juni, wakati wa Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Ekaristi inatembezwa, halafu ngoma, siku nyingi mfululizo. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la mapadri la White Fathers, ndiye aliyeanzisha kituo kile cha Bujora miaka ya 1950, na aliona mapema kwamba Msukuma humpati bila ngoma. Na hujui Bagika na Bagalu? Vyama viwili vya ngoma, vya tangu karne ya 19, waasisi wake Ngika na Gumha, mabingwa wa dawa wote wawili. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja huu na uwanja ule, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Nimewahi kuona Bagalu wanaelekea kushindwa, akatoka kijana na chatu shingoni, umma wote ukahama kwa mbio, na upande wa pili manju akabaki anaimbia vumbi.

Hayo ya vyama vya kazi nayo usiwaambie watu ni ya Yucatán. Bayeye walikuwa watu wa nyoka: wanawakamata, wanajua dawa ya kuumwa, wana ngoma yao na siri zao, na huingii bila kufundwa. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, wanaingia mashimoni kumfuata, nao wana ngoma yao. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, ya kikundi cha walimaji wanaokwenda shamba kwa shamba, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mwenye shamba analipa ng'ombe au chakula. Mnachohitaji ni kuwaambia makuli na wapara samaki kwamba wao ni chama. Ngoma watajitafutia.

FrateriMstaafu

Shikamoo mzee. Bulabo nimefika, nilisimama upande wa Bagika, ndiyo maana sikuitaja.

Ila umenikumbusha kitu. Sherehe hiyohiyo ya Ekaristi, huko Michoacán, kwa Wapurépecha, ndiyo siku ya watu wa kazi zao. Mji wa Cherán, warina asali wa porini wanateremka kutoka msituni wamebeba mgongoni majukwaa ya mbao yaliyofunikwa masega ya asali, na kuna kurushiana: kila mmoja anawatupia watu alichotengeneza au alichovuna. Unaondoka uwanjani na kijiko cha mbao usichokiomba.

Mama_Ukerewe

Nauliza na mimi. Kwa kuwa somo ni mvuvi, je, hao Wamexico hawana maandamano ya majini? Sisi huku visiwani tungependa Petro afike kwa mtumbwi.

FrateriMstaafu

Wanayo, mama. Tlacotalpan, jimbo la Veracruz, mji uko ukingoni mwa mto Papaloapan. Tarehe 2 Februari wanamtoa Bikira Maria wa Candelaria kanisani, wanampandisha mashua, na msafara wa vyombo unamfuata mtoni, wengine wanapiga magitaa madogo ya kienyeji. Mimi nilisimama ufukweni. Mto ule ni mpana lakini si ziwa.

Mama_Ukerewe

Nimekuelewa. Na mimi nasema hapa mapema kabla watu hawajachangamka: chombo kimoja cha sanamu na padri, vichache vya kusindikiza, kila mtu na jaketi lake, basi. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu na gati la Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, na ilikuwa imebeba kupita kiasi. Sisi huku hatujasahau. Wengine wote wasubiri nchi kavu na kuimba.

DagaaMkavu

Wakuu, kikao kimekaa. Nawapa mrejesho.

Nilisimama nikaeleza kuhusu gremio kabla mtu hajamtazama tajiri. Yule mzee wa Mexico alinuna kidogo, nikamwambia yeye ndiye aliyetufungua macho, akatulia. Makuli waliitaka siku ya kwanza papo hapo. Mama lishe wakasema wao wapewe ya mwisho, tarehe 28, kwa sababu ndio watakaopika kesho yake na hawataki kuchoka mara mbili. Hoja ya nguvu. Wapara samaki waliuliza kama wanahesabika peke yao au wako chini ya wachuuzi, na dada mmoja akasema kwa sauti kwamba miaka yote wanakaa chini ya watu na visu vyao, siku hii wanaitaka yao. Ukumbi ukapiga makofi. Wamepewa tarehe 23.

Wavuvi wamesumbua. Wanasema tarehe zipangwe kwa mwezi, maana giza likiwepo wao wako ziwani na taa zao wanatafuta dagaa, hawawezi kuacha riziki waje kushika bendera. Mwezi ukiwa mkali ndipo wanapokuwa nyumbani. Kwa hiyo siku yao itahamahama kila mwaka ndani ya novena, na paroko amekubali.

Mchango ni shilingi 500 kwa wiki, unakusanywa kazini, hiari. Tajiri naye, mtashangaa, mwenyewe kaomba alipie kwaya. Nimemwandika. Bado tumekwama kwenye mambo mawili: daftari likae kwa nani, maana kila mtu ananiangalia mimi, na fataki. Vijana wanazitaka kwa nguvu zote.

FrateriMstaafu

Hongereni mno. Hilo la mwezi ni zuri kuliko yote niliyowaletea mimi.

Daftari: liwe mawili. Moja kwako, moja kwa mtu wa kazi nyingine kabisa, kama fundi injini, na yasomwe pamoja kila mwisho wa mwezi. Andika vitu, si hela tu. Mtu akileta kuni, andika mizigo mingapi. Akileta nguvu, andika siku nzima au nusu.

Fataki achaneni nazo. Kuna mji unaitwa Tultepec, kaskazini mwa Jiji la Mexico, mji mzima unaishi kwa kutengeneza baruti. Somo wao ni Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyewaokoa wagonjwa hospitali ilipoungua moto huko Granada. Kila Machi wanamsherehekea kwa madubwana ya ng'ombe yaliyojazwa baruti yanayosukumwa barabarani yakitema moto, watu wanacheza katikati. Ni watu wenye ujuzi wa vizazi. Na bado, tarehe 20 Desemba 2016, soko lao la fataki lililipuka mchana kweupe, wakafa watu zaidi ya 40. Vijana wenu wana ujuzi wa kizazi kipi? Hapo mwaloni pana petroli ya injini, nyavu zimeanikwa, na mabanda ya mbao. Wapeni ngoma. Mzee wa Kisesa ana chatu.

Jambo la mwisho. Waashi wa Mexico, tarehe 3 Mei, Siku ya Msalaba, wanapandisha msalaba uliopambwa maua na karatasi za rangi sehemu ya juu kabisa ya jengo wanalolijenga, na mwenye jengo anawalisha na kuwanywesha. Roma iliifuta siku hiyo kwenye kalenda mwaka 1960, wao wakaing'ang'ania, na mpaka leo ipo. Mkitaka kusimamisha msalaba pale mwaloni siku ya mafundi mitumbwi, mfuko mmoja wa saruji wa kushikilia nguzo natoa mimi, na nondo mbili. Andika jina, mama, na andika ni saruji ya aina gani. Novemba naoza binti, nitakuja Kirumba na daftari langu.

DagaaMkavu

Nimeandika. Harusi ni ya watu wangapi?

FrateriMstaafu

Dagaa gunia moja linatosha. Wasiwe na mchanga.